Deni la Mwenye Kusoma Kivuli

Alikuja ofisini kwetu mtu mmoja wa makamo, mkulima, amekumbatia bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake mlikuwamo picha tatu za eksirei za kifua cha mkewe, zile nyeusi ambazo huna budi kuziinua mbele ya dirisha ili uzione, na pamoja nazo karatasi za kipimo cha CT. Hakuja kuomba fedha, wala hakuja kumshtaki mtu gazetini. Habari zake twaziandika kwa ruhusa yake, na majina ya watu na ya mahali tumeyaacha nje kwa makusudi. Alikuja na swali moja tu. "Padre," alisema, "mama watoto amemeza dawa za kifua kikuu mara mbili, miezi sita kila mara. Sasa twaambiwa kwamba ugonjwa ule hakuwa nao. Je, tumedhulumiwa, au hatukudhulumiwa?"

Siku ile hatukumjibu. Tulimpa chai, tukamwomba arudi baada ya juma moja, maana swali lenyewe si dogo, na mtu asiyejua habari za tiba akijibu upesi atakuwa ametenda kosa lile lile analoulizwa. Tukawaendea waganga wawili tunaowaamini, tukawauliza mpaka wakachoka nasi. Haya tunayoandika leo ndiyo tuliyoyapata, pamoja na fikira zetu wenyewe.

Mama yule ana pumu tangu utoto. Kila mwaka baada ya mavuno ndiye apukuchuaye mahindi na kufagia ghala. Miaka kadhaa iliyopita alishikwa na kikohozi kisichokwisha, na homa za jioni, akaanza kukonda. Katika makohozi yake aliona vipande vigumu vya rangi ya kahawia, mfano wa vigamba vya mti. Makohozi yalipimwa, hayakuonekana vijidudu vya kifua kikuu. Walakini picha ya eksirei ilionyesha kivuli juu ya pafu la kulia, na juu ya pafu ndipo kifua kikuu kipendapo kukaa. Akaanzishiwa dawa. Baada ya miezi miwili kivuli kikafifia, kila mtu akafurahi. Dawa zilipokwisha, haukupita muda mrefu kikohozi kikarudi, na picha ya pili ikaonyesha kivuli upande wa kushoto. Akaanzishiwa tena. Picha ya kwanza ilikuwa nyumbani chini ya godoro, na hapana aliyeiulizia.

Hata mara ya tatu, katika hospitali nyingine, ndipo mganga mmoja kijana alipomwuliza, "Mama, unazo picha za zamani?" Mume akarudi kijijini kwa basi, akazileta. Zilipowekwa tatu sambamba, ilionekana wazi kwamba kivuli kilikuwa kinahamahama kama mpangaji asiyelipa kodi: leo kulia, kesho kushoto, kesho kutwa kulia tena lakini chumba kingine. Si desturi ya kifua kikuu kutembea namna hiyo. Damu ikapimwa, kisha kifua kikapigwa picha kwa mashine ya CT, na ugonjwa ukapata jina lake: mzio wa mapafu utokanao na ukungu uitwao Aspergillus.

Na tuseme maneno machache juu ya ukungu huu, kwa kuwa jina lake lina kisa. Mwaka 1729 mtaalamu wa mimea wa mji wa Florence, Pier Antonio Micheli, aliutazama kwa darubini, akaona kishina chembamba chenye kichwa cha mviringo kilichojaa mbegu pande zote. Kikamkumbusha kinyunyizio cha maji ya baraka, kile ambacho kila mtoto wa altare amekibeba, kiitwacho kwa Kilatini aspergillum. Hivyo kitu chenye kuwanyima watu pumzi kilipata jina lake kutoka sakristia. Ukungu wenyewe uko kila mahali: katika majani yaozayo, katika samadi, katika nafaka iliyoingia ghalani ikiwa mbichi, katika vumbi la kuta zenye unyevu. Mbegu zake ni ndogo mno. Ukiigawa milimita moja mara elfu, mbegu moja ni kama sehemu mbili au tatu tu. Kila mmoja wetu huzivuta kila siku bila kujua, na mwili mzima huzifagia bila kelele. Lakini wako watu wachache, hasa wenye pumu, ambao miili yao huzipokea mbegu hizo kwa ghadhabu kupita kiasi. Njia za pumzi huvimba, hutoa ute mzito, ule ute hukauka ukawa vizibo, na pale penye vizibo njia hupanuka na kuharibika moja kwa moja. Kinachoumiza hapo ni zaidi ile vita ya mwili wenyewe kuliko adui aliyeingia. Waganga watatu wa Uingereza, Hinson, Moon na Plummer, ndio waliouandika ugonjwa huu kwa mara ya kwanza, mwaka 1952. (Asije mtu akauchanganya na ule mwingine, ambapo ukungu huo huo hujenga kama tonge ndani ya shimo lililoachwa na kifua kikuu cha zamani. Huo ni ugonjwa mbali.)

Sasa tuje kwenye picha, maana hapo ndipo swali letu lilipolala.

Tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Conrad Röntgen, mwalimu wa fizikia huko Würzburg katika Ujerumani, aligundua mionzi ipitayo ndani ya vitu visivyopitisha mwanga. Kabla ya Noeli ya mwaka ule alipiga picha ya mkono wa mkewe, ikaonekana mifupa ya vidole na pete yake. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa, wala hakutaka kujimilikisha ugunduzi wake kwa hati. Tangu siku zile mwanadamu amezoea kusema kwamba eksirei huona ndani ya mtu. Kwa kweli haioni kitu. Mionzi hupita mahali penye hewa ikaifanya picha kuwa nyeusi, huzuiwa na mfupa pakabaki peupe, na chochote kilichojaa mahali palipopaswa kuwa na hewa huacha doa jeupe, ambalo waganga huliita kivuli ijapokuwa ni jeupe. Usaha huacha doa. Maji huacha doa. Ute ulioziba huacha doa, uvimbe huacha doa, na kifua kikuu huacha doa. Picha husema tu kwamba hapa pana kitu. Ni kitu gani, hilo picha hailisemi. Hilo lasemwa na mtu aisomaye.

Mashine ya CT, ambayo kwa mara ya kwanza ilimpima mgonjwa mjini London mwaka 1971, na kumpatia mwenye kuiunda, Godfrey Hounsfield, Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack mzaliwa wa Johannesburg, yaona mbali zaidi, kwani hukata kifua vipande vipande kama mtu akatavyo mkate. Katika kifua cha mama yule ilionyesha njia za pumzi zilizopanuka karibu na katikati ya mapafu, ambapo kwa kawaida njia hazipanuki kuliko mshipa wa damu uandamanao nazo. Njia nyingine zilijaa ute mpaka zikafanana na vidole ndani ya glavu. Tena ute wenyewe ulikuwa mweupe katika picha kupita hata nyama ya misuli. Alama hiyo ya mwisho waganga waithamini sana, kwa kuwa ikionekana, ni vigumu kuitilia ugonjwa mwingine. Hata hivyo haionekani kwa kila mgonjwa, na asiyekuwa nayo hawezi kuambiwa kwamba amepona.

Katika masomo ya maadili tulifundishwa tofauti moja ambayo Mtakatifu Thomas wa Akwino aliieleza alipozungumza juu ya hukumu. Kumhukumu mtu ni jambo moja, na kuhukumu kitu ni jambo jingine. Ukiwa na shaka juu ya mwenendo wa jirani yako, wapaswa kuielekeza shaka upande wa wema, hata kama mara nyingine utadanganyika. Maana ukidanganyika kwa kumdhania mtu mema, hukumdhuru. Lakini kitu hakina heshima ya kupotea. Juu ya vitu yatupasa kujitahidi kuhukumu kama vilivyo. Basi kivuli katika picha ni kitu. Hakistahili kuhurumiwa wala kuogopwa, chastahili kujulikana tu. Ajabu yake ni kwamba nyuma ya kitu hiki yuko mtu, na jina utakalokipa kivuli leo, kesho atalivaa yeye. Mama yule hakuambiwa "picha yako ina kivuli." Aliambiwa "una kifua kikuu," na neno hilo lilifika nyumbani kabla yake.

Mtu aweza kusema: basi kwa nini mganga asichague njia ya salama? Nasi tulifikiri hivyo kwanza, kwani twajua kanuni kwamba uhai wa mtu ukiwa hatarini, hairuhusiwi kubahatisha. Mtu hufuata njia iliyo salama zaidi. Lakini waganga wetu walitufumbua macho. Katika jambo hili njia ya salama haipo. Kifua kikuu huuawa kwa dawa zake, na huu wa ukungu hutulizwa kwa prednisoloni, ambayo hupoza ghadhabu ya mwili, au kwa itrakonazoli, ambayo hupunguza ukungu, au kwa zote mbili. Ukimpa mwenye kifua kikuu prednisoloni peke yake kwa kudhani ana mzio, umewaondoa askari walangoni na kuwafungulia adui. Ugonjwa waweza kuenea mwili mzima na kuua. Ukimpa mwenye mzio dawa za kifua kikuu, hazimpozi, na huku wewe wahesabu miezi, njia za pumzi zaendelea kuharibika bila kurudi. Kila upande una hasara yake. Aliyeketi na picha ile mkononi, na wagonjwa sitini wakimngoja nje, hana njia ya kukimbia hukumu. Hata kutohukumu ni hukumu.

Tena tusisahau yupo wapi. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ziliwekwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa kabisa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Katika nchi kama hizi, mtu akohoaye, akondaye, mwenye homa na kivuli juu ya pafu, mara nyingi kweli ni kifua kikuu. Wala kifua kikuu hakikanushwi na makohozi yasiyoonyesha vijidudu mara moja. Wako wengi walioachwa kwa sababu hiyo, wakafa. Na kosa hili si la kwetu peke yetu. Huko Chandigarh katika India waganga walipoandika mwaka 2006 habari za wagonjwa 126 wa mzio huu wa ukungu, si wachache miongoni mwao waliokuwa wamekwisha pewa dawa za kifua kikuu kabla ya kujulikana.

Kwa hiyo, juu ya picha ya kwanza, jibu letu kwa mume yule ni hapana. Hamkudhulumiwa. Mganga yule alikosea, naam, lakini alikosea kama akoseavyo mtu mwaminifu aliyetumia nuru aliyokuwa nayo. Ujinga usioweza kushindwa kwa juhudi ya kawaida hauna hatia. Laiti angemwacha bila dawa naye angekuwa na kifua kikuu kweli, leo tungekuwa tunaandika makala nyingine, kali kuliko hii.

Picha ya pili ni habari nyingine, na hapa hatutaficha maoni yetu. Mama alirudi. Alisema ana pumu. Maneno hayo yalikuwa yameandikwa katika daftari lake. Makohozi yalipimwa tena, yakawa safi tena. Kivuli kilikuwa kimehama. Kila moja ya hayo lilikuwa likigonga mlango. Kwa nini hapana aliyefungua? Kwa sababu, tulivyoelezwa, wote waliamini kwamba mara ya kwanza dawa zilifanya kazi. Kivuli kilififia baada ya dawa, basi kilififia kwa ajili ya dawa! Seminarini mwalimu wetu wa mantiki alituchapa kwa maneno kila tulipofikiri hivyo. Jogoo huwika kabla ya jua, wala si yeye alitoaye. Mgonjwa wa mzio huu akibahatika kukohoa kizibo kikatoka, kivuli chake huondoka chenyewe, awe amekunywa rifampisini au maji matupu. Ile nafuu ndiyo iliyowadanganya, nayo kudanganywa na nafuu ni rahisi, maana kila mmoja huipenda: mganga, mgonjwa, hata aandikaye takwimu za waliopona.

Dhamiri yenye shaka haina ruhusa ya kutenda mpaka imejitahidi kuiondoa shaka kwa kadiri iwezekanavyo. Na katika picha ya pili juhudi iliyohitajika ilikuwa ndogo kiasi cha kutia uchungu. Haikuhitaji CT. Ilihitaji swali moja: picha ya kwanza iko wapi? Mtakatifu Thomas ataja kumbukumbu kuwa sehemu ya busara, na sisi tulipolisoma hilo ujanani tulidhani ni kumbukumbu ya kichwa tu. Twaona sasa kwamba kumbukumbu yaweza kulala chini ya godoro. Picha moja ya kifua ni kama shahidi mmoja. Picha mbili za nyakati mbili huanza kuhojiana zenyewe. Hapo, ndiyo, mama yule alipungukiwa na haki yake, ijapokuwa si kwa nia mbaya ya mtu yeyote. Alikuwa na haki ya kusikilizwa kama mtu mwenye historia, naye alipokewa kama kivuli kilichoingia mlangoni kwa mara ya kwanza.

Wako watakaosema: basi kila hospitali ya wilaya ipewe CT, na yaishe. Zije, nasi tutazishangilia. Lakini mashine peke yake haitaponya ugonjwa huu wa kutouliza. Kipimo cha CT cha kifua humtia mgonjwa mionzi mara makumi kuliko picha moja ya kawaida, na gharama yake kwa mkulima ni mbuzi wawili au zaidi. Si kitu cha kumpeleka kila mwenye kikohozi. Kwanza huja mazungumzo, kisha kipimo cha damu kinachotafuta kama mwili una chuki na ukungu huu. Hata hicho chataka akili katika nchi zetu, kwa kuwa minyoo ya tumboni nayo hupandisha baadhi ya vipimo hivyo vya damu, na asiyelijua hilo atatoka kosa moja na kuingia jingine. Yule mganga kijana hakuanza na mashine. Mashine ilimthibitishia aliyokwisha kuyashuku kwa macho yake, alipopanga picha tatu dirishani.

Lipo na deni jingine, ambalo mume yule hakutuuliza lakini tulimwambia. Ni nani aliyemtengea mama huyu kikombe? Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kikombe wala kwa sahani. Huenda kwa hewa, na mgonjwa aliyeanza dawa zinazomfaa, baada ya muda mfupi, hana hatari kwa jirani. Hospitali haikuagiza kikombe cha peke yake. Kiliagizwa na bibi mzaa baba, na majirani wakaafiki, na mume akanunua. Ikiwa twamdai mganga kwa sababu hakuuliza, basi yatupasa tujidai na sisi, ambao tulipewa jina la ugonjwa tukaacha kabisa kumwona mtu. Mume aliinama aliposikia hayo. Twakiri kwamba tulisita kuyasema.

Aliporudi aliuliza pia kama inafaa amrudie mganga wa kwanza na wa pili. Tulimshauri aende, wala si kwa ugomvi. Mganga asiyejua kwamba alikosea atakosea tena kwa mama wa kijiji kingine, na hapana kitabu kitakachomfundisha kama picha hizi tatu. Yule kijana aliyegundua kweli naye alikuwa na wajibu wa kumweleza mgonjwa wazi yaliyotokea, bila kuwavunjia heshima wenzake, na alilifanya hilo vizuri. Alimwambia kwamba hata yeye, kama angekutana na picha ya kwanza peke yake, angeandika vile vile.

Mama sasa yuko katika dawa zimfaazo. Ugonjwa huu hutulia, lakini una tabia ya kurudi, na zile njia zilizopanuka hazitanyooka tena. Atahitaji kupimwa mara kwa mara, na kazi ya kufagia ghala amekwisha mwachia mwanawe wa kiume. Picha zake hazilali tena chini ya godoro. Mume amezining'iniza ukutani kwenye mfuko wa plastiki, juu ambako panya hawafiki, na nyuma ya kila moja ameandika tarehe kwa kalamu ya wino. Kikombe kile kingali pale. Ni cha bati, cha rangi ya bluu. Watoto walitaka kukitupa, mama akakataa; kila asubuhi hunywea chai yake katika kikombe hicho, na mumewe atuambia kwamba hajathubutu kumwuliza sababu.